Bi Donka, Maji Yake na Chumvi Yangu

Sayansi ya Ulaya nzima imesimama juu ya chumvi yangu. Msicheke. Nendeni Uholanzi, nendeni Ureno, nendeni mpaka kule Ufini ambako hata jua huona aibu kutoka. Tafuteni maabara yoyote yenye Mbulgaria aliyepitia chuo chetu hapa Ruse, Bulgaria, mumuulize alitokaje salama mlangoni kwetu wakati wa baridi. Akiwajibu bila kunitaja, huyo ni mwongo na shahada yake ichunguzwe upya.

Hata hivyo jarida hili la wafanyakazi halikuniomba niandike habari zangu, ingawa zingesomwa zaidi. Limeniomba habari za Bi Donka Shopova, mratibu wa ofisi ya ajira na mafunzo ya nje kwa wanafunzi wa shahada za juu, aliyestaafu tarehe 30 Septemba baada ya kukitumikia chuo kwa miaka ishirini na tisa. Wahariri waliwaendea kwanza maprofesa wawili. Mmoja alisema yuko safarini. Wa pili alileta kurasa kumi na mbili, na kumi na moja kati ya hizo zilimhusu yeye mwenyewe. Ndipo wakanijia mimi, Genko wa chumvi, niliyeiaga shule darasa la tisa, kwa sababu nimekaa meza moja na Bi Donka miaka saba, na kwa sababu mimi nikijisifu huwa sichukui nafasi kubwa.

Bi Donka alikuja chuoni akitokea kiwanda cha matrekta, idara ya mauzo ya nje, kiwanda kilipokuwa kinakata roho. Chuo kilimpa meza chini ya ngazi, mahali palipowekwa mafagio, na simu aliyochangia na maktaba. Aliambiwa awatafutie wanafunzi wa uzamili na uzamivu nafasi za mafunzo kazini katika nchi za watu, kisha awasaidie kupata ajira wakimaliza. Hakuna aliyemwambia afanyeje. Alifanya alivyozoea. Alikuwa akisema kumuuza msomi hakuna tofauti na kuuza trekta: mnunuzi anataka kujua linavuta nini, wewe unamwambia lina rangi gani.

Shida ilikuwa kwa wasomi wenyewe. Watu wetu wamelelewa kwamba kujisifu ni uchafu, kama kula huku umevaa kofia. Mtu amesoma mpaka nywele zimemtoka, ukimuuliza anajua nini, anatazama viatu vyake. Wiki yangu ya kwanza ofisini alikuja Yavor Minchev, wakati huo anamalizia uzamili wa mambo ya mito. Bi Donka, ambaye kazi za kijana huyo alizijua zote tayari, aliusoma wasifu wake wa kazi kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi.

“Hapa umeandika ulishiriki kidogo katika kupima mchanga wa mto Danube.”

“Ndiyo, Bi Donka. Kidogo.”

“Kidogo ndiyo nini? Uliwashikia wenzako viatu?”

“Hapana, nilikuwa natoka na boti, nachota mchanga.”

“Na nani?”

“Peke yangu.”

“Na ile programu ya kompyuta ya kupiga hesabu, aliiandika nani?”

“Mimi, lakini…”

“Lakini! Mwanangu, siku ukioa utatuambia umeoa kidogo?”

Yavor akawa mwekundu kuliko kalamu. Bi Donka akageuka kwangu, nilikuwa nabadilisha wino wa mashine ya fotokopi.

“Genko, hebu mwambie huyu wewe ni nani.”

“Mimi ni mtaalamu mkuu wa usalama wa ngazi, ukanda wote wa Danube.”

“Unamsikia? Huyu hana hata cheti cha darasa la tisa. Kaeni hapo mgawane. Yeye akupe nusu ya mdomo wake, wewe umpe nusu ya kichwa chako.”

Kila mmoja wetu alitoka na faida, ila yeye alifaidi zaidi, maana bidhaa yangu ilikuwa bora. Tangu hapo, na kwa kila mwanafunzi aliyefuata, Bi Donka alipiga marufuku maneno matatu ndani ya ofisi ile: kidogo, labda, na nitajaribu. Unachofanya kitaje. Usichofanya kitaje pia, waziwazi, na usimpotezee mtu muda. Ukisema “labda” mbele yake ulitolewa nje, ukapige hodi upya.

Sasa habari ya maji. Kwetu mtu akitoka kwenda kwenye mtihani, kazi mpya au safari, aliyebaki humwagia maji nyuma yake, mambo yaende yakitiririka. Mama hufanya hivyo kizingitini kwake. Bi Donka alifanya hivyo kwenye ngazi za jengo letu, kwa kindoo cha shaba alichorithi kwa bibi yake, chenye kishada cha maua mdomoni. Hakuna mwanafunzi aliyeondoka kwenda nje bila kumwagiwa, awe anakwenda miezi mitatu au mitatu na nusu, awe anaamini au anacheka. Aliyecheka alimwagiwa mara mbili.

Majira ya baridi ya miaka saba iliyopita alitutembelea daktari mmoja wa falsafa kutoka taasisi ya mito huko Uholanzi. Jina lake Wouter, mtu mrefu, mpole, asiyetaka kuahidi kitu. Bi Donka alikuwa amemwandama kwa miaka miwili, akitaka taasisi hiyo iwapokee wanafunzi wetu, tena kwa posho, maana hakumpeleka mtu mahali ambapo malipo ni “uzoefu.” Kuna kampuni moja iliwahi kumwandikia kwamba uzoefu nao ni malipo. Aliwapigia simu akawauliza kama kwao duka la mikate linapokea uzoefu.

Basi Dokta Wouter akakaa kikao asubuhi nzima, akanywa kahawa, akasema watalifikiria. Akavaa koti, akaaga, akatoka. Alichokuwa hajui ni kwamba alfajiri ile Bi Donka alikuwa amemwagia maji mwanafunzi aliyekwenda Ufini, na maji yale kufikia saa nne yalikuwa kioo kitupu kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Mholanzi, mtu aliyejifunza kuteleza barafuni kabla ya kujifunza kutembea, alishuka ngazi za Ruse kwa makalio.

Najua vizuri kwa sababu alikomea miguuni pangu. Wakati huo nilikuwa nabeba mikate kwa Bi Stefka, mwenye duka la banitsa, yaani mikate ya tabaka yenye jibini, ng'ambo ya barabara, naye ndiye mama mzazi wa Yavor. Nilikuwa naleta sinia la kikao. Sinia lilimfunika daktari vizuri sana, jibini mpaka kwenye masikio. Bi Donka akatokea juu ya ngazi.

“Daktari,” akasema, “kwetu hiyo ni baraka.”

Yule bwana akajitoa kipande cha banitsa shingoni, akakitazama, akakila.

“Na huwa mnabariki wageni wote, mama, au mmenichagua?”

Kiwiko kilikuwa kimevunjika. Bi Donka alikaa naye hospitali kutwa nzima, akimfuata kutoka chumba hiki hadi kile, akimweleza habari za mwanafunzi mmoja anayetoka peke yake na boti kuchota mchanga. Jioni daktari alitia saini makubaliano kwa mkono wa kushoto. Mimi nasema alifanya hivyo kwa sababu banitsa ilikuwa ya moto na mbebaji alikuwa hodari. Bi Donka ana maelezo mengine.

Siku iliyofuata mkuu wa chuo alimwita.

“Bi Donka, haya maji yakome.”

“Maji hayakomi, Profesa.”

“Basi chumvi ianze.”

Ndivyo nilivyoajiriwa. Yeye anamwaga, mwanafunzi anapita, mimi namimina chumvi nyuma yao wote wawili, maji yasigande kuwa barafu. Nitajieni kazi nyingine katika chuo hiki inayoanza na mila na kuishia na kemia.

Mtu wa kwanza kwenda kwa makubaliano yale alikuwa Yavor, majira ya kuchipua, hakuna barafu, mimi nimesimama tu kwa heshima. Bi Donka alimmwagia kindoo kizima. Bi Stefka alikuwa ng'ambo, mlangoni mwa duka lake, anapunga kitambaa na kulia. Mafunzo yalikuwa ya miezi sita. Miezi sita ikazaa uzamivu, uzamivu ukazaa kazi, na Yavor akawa mtu wa kuja Krismasi. Kuanzia mwaka wa pili, Bi Donka akiingia dukani kununua kifungua kinywa, maneno yalikuwa yaleyale.

“Ulimmwagia mno, Donka! Kindoo kizima! Si ungemmwagia kikombe tu? Kikombe kingemfikisha na kumrudisha.”

“Stefka, mimi sipimi maji kwa vipimo vya unga.”

“Wewe umenichukulia mtoto.”

“Nimemtafutia kazi.”

“Kazi hata hapa iko. Afungue jibini, akande unga.”

“Ana shahada tatu!”

“Basi akande mara tatu.”

Walikuwa wakisema hivyo huku Bi Stefka anamfungia kipande kikubwa kuliko cha wateja wengine. Lakini halikuwa la mzaha tu. Kina mama wengine wa mji huu wamemwambia Bi Donka hivyohivyo bila kumfungia chochote. Aliwapeleka watoto wao, wakaenda wakitiririka kama alivyowaombea, na wengi maji hayakuwarudisha. Ofisini hakulizungumza. Aliandika tu kwenye kila barua ya kuwaaga sentensi moja ileile: ukipata nafasi, rudi, meza yangu itahitaji mtu.

Mafanikio yake mengine nayafupisha, kwa kuwa wahariri wananihesabia maneno. Ofisi iliyoanza chini ya ngazi sasa iko ghorofa ya kwanza, ina madirisha mawili na mashine ya kahawa inayonitii mimi pekee. Taasisi na kampuni za nchi kumi na nane zinapokea simu yake kabla haijalia mara ya pili, wengine kwa mapenzi, wengine kwa woga. Wanafunzi wake wa mwisho ni watu kama Siyana, msichana aliyekuwa ananong'ona hata kwenye simu. Bi Donka alimfanyisha usaili wa mazoezi akiwa amesimama uani na msichana yuko dirishani, ili apaze sauti. Mji mzima ulisikia utafiti wake. Januari iliyopita Siyana alikwenda Uholanzi, kwenye kundi la utafiti ambalo kiongozi wake sasa ni nani? Yavor. Maji yalimwagwa, chumvi ikamiminwa, akashuka kama malkia.

Tatizo lilianza mwezi wa Mei. Kanuni za chuo zinasema mratibu lazima awe na shahada ya uzamili na awe amewahi kufanya kazi au mafunzo nje ya nchi, kwa sababu yeye ndiye anayetia saini makubaliano. Pasipopatikana mtu wa namna hiyo kufikia siku ya Bi Donka kuondoka, ofisi itavunjwa, na shughuli zake zihamie kwa Bwana Penchev wa ofisi ya msajili, ghorofa ya pili. Bwana Penchev ni mtu safi, sina ugomvi naye. Ila anaamini mafunzo ya nje ni utalii, na alishasema hadharani kwamba hatatia saini kumlipia mtu matembezi.

Bi Donka alitangaza nafasi. Alituma barua kwa wale wote aliowahi kuwamwagia maji. Majibu yalikuja mengi, yenye upendo, picha za watoto na paka. Wawili walikuwa tayari kuifanya kazi hiyo wakiwa hukohuko waliko. Mmoja aliuliza kama meza inaweza kuhamishiwa Lisbon. Agosti ikafika, Bi Donka akawa anakaa ofisini, anatazama kile kiti chake chenye mto wa kijani kama mtu anayetazama mbwa wake na hajui atamwachia nani.

Nikasema, hii ni kazi ya mtaalamu. Nikachukua simu ya ofisi nikampigia Yavor.

“Yavor, nusu ya mdomo wangu bado unayo. Nataka uutumie.”

“Genko! Kuna nini? Mama mzima?”

“Mama mzima, anakanda. Sikiliza. Wewe ndiye wa kiti hiki. Shahada unazo, nje umekaa, Wabulgaria tunakujua. Ukikataa ofisi inakufa, na mimi nahamia ghorofa ya pili kugonga mihuri kwa Penchev. Unataka nife kijana?”

Akasema, wala hakusema labda, “Mwambie Bi Donka nitarudi. Naomba ruhusa ya kuacha kazi hapa, mwisho wa Septemba nitakuwa hapo.”

Bi Donka aliposikia alivua miwani akaifuta muda mrefu. Bi Stefka aliposikia alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya mumewe, akavuka barabara bila kutazama magari, akambusu Bi Donka mashavu yote, halafu mimi, halafu mashine ya fotokopi, kwa kuwa machozi yalikuwa yamemziba macho. Na mimi, kama wasomaji mnavyokumbuka, niliandika katika toleo la Septemba, kwa herufi nene, kwamba mrithi amepatikana na aliyempata ni Genko.

Siku ya kuaga tulikusanyika ukumbini. Palikuwa na hotuba, rakia, ile pombe kali ya zabibu, saa ya ukutani kutoka kwa mkuu wa chuo, na masinia sita ya banitsa. Yavor alifika asubuhi kwa basi la Bucharest, begi moja dogo mgongoni. Niliona lile begi. Nilijiambia mizigo inafuata.

Hotuba zilipokwisha alimwomba Bi Donka watoke ngazini. Mama yake alifuata, na mimi nilifuata kwa sababu kindoo cha shaba nilikuwa nimekibeba mimi, kimejaa, tayari kwa Bi Donka.

“Bi Donka,” Yavor akasema, “nilipowaambia naondoka, taasisi ilisema kundi langu litavunjwa. Siyana atarudishwa kabla hajamaliza, na wenzake wawili. Na zile nafasi tatu za mafunzo za Januari ijayo, za wanafunzi wa hapa, zitafutwa. Nimetafuta wa kumwachia kundi, sikupata. Sirudi. Nimekuja kukuambia mwenyewe.”

Bi Stefka alishika nguzo ya ngazi. Bi Donka hakubadilika uso.

“Siyana anafanya nini huko?”

“Anaongoza vipimo vya mto mzima.”

“Anaongoza kidogo?”

“Anaongoza.”

“Basi rudi kazini kwako,” akasema Bi Donka. “Umesema vizuri. Hukunipotezea muda.”

Yavor alikula kwa mama yake mchana ule, na jioni akapita tena mbele ya jengo akielekea kituo cha basi. Tulikuwa tumesimama palepale. Bi Stefka alinijia akaunyoosha mkono.

“Lete hicho, wewe mdomo.”

Nikampa kindoo. Nilidhani atamwaga kikombe, kama alivyokuwa akisema miaka yote. Akakiinamisha chote nyuma ya mwanawe, mpaka tone la mwisho, mpaka na maua yakaanguka, kisha akavuka barabara kwenda kufungua duka.

Nilikwenda kukijaza upya nikammwagia Bi Donka naye. Viatu vyake vikalowa. Akaniita punguani, akanibusu, akapanda basi na ile saa ya ukutani kwapani.

Bi Donka, asante kwa miaka ishirini na tisa, kwa kalamu nyekundu, na kwa kila mtu uliyemlazimisha aseme kwa sauti anachojua. Sasa uko kijijini na shamba lako. Pilipili zako ziive zote kwa pamoja, moto wako wa kuchomea uwake bila moshi, chupa zako za kachumbari zisipasuke hata moja, na mbili kati ya hizo ziandikwe jina langu. Kaa kwa raha, lala mchana, na usiogope kuwaambia majirani kwamba wewe ndiye Donka Shopova.

Limebaki jambo moja ambalo wahariri wangependa nisiliguse. Lile nililoliandika Septemba kwa herufi nene halikutimia. Mrithi hakupatikana, na aliyeshindwa kumpata ni Genko. Tangu Jumatatu mlango wetu umefungwa na ufunguo uko kwa Penchev, ghorofa ya pili. Kule Uholanzi Yavor ameziweka wazi nafasi tatu za Januari, na hapa wako wanafunzi watatu waliozifanyia usaili wakashinda, wala hakuna wa kuwatilia saini. Chumvi ninayo magunia mawili, ya kutosha msimu mzima. Hakuna atakayeshuka ngazi.